Kisiwa Kisicho na Bara

Msomaji mpenzi, nataka tuanze safari yetu karibu na nyumbani. Mishomoroni ni mtaa wa Kisauni, upande wa bara, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Mwanafunzi akaaye huko, akitaka kwenda mjini, hana haja ya dira wala nahodha. Hupanda gari asubuhi, akavuka daraja la Nyali, na kabla jua halijawa kali amekwisha fika kisiwani. Daraja la kwanza mahali hapo, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931; daraja la leo lilianza kazi mwaka 1980. Kabla ya madaraja watu walivuka kwa mashua na madau. Kwa njia hii au ile, kisiwa na bara vimekuwa majirani wa siku zote, na moshi wa jikoni upande mmja huweza kuonekana upande wa pili.

Lakini kiko kitabu mashuhuri duniani kisemacho kwamba kisiwa cha Mombasa hakina bara. Kitabu hicho ni cha Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika nchi ya Moroko, aliyepita pwani yetu mwaka 1331. Alisema kuwa Mombasa ni kisiwa kikubwa, kwamba kati yake na nchi ya Sawahili ni mwendo wa siku mbili baharini, na kwamba hakina bara. Mtoto wa Mishomoroni akiyasoma maneno hayo atacheka, na ana haki ya kucheka, maana amesimama juu ya bara lenyewe ambalo msafiri mkuu hakuliona.

Usimcheke mno, msomaji. Katika insha hii nataka nikuonyeshe mambo ya ajabu ambayo wasafiri waliyagundua walipokwenda ugenini pamoja na wenzao: wageni waliokuja kwetu, na watu wa kwetu waliokwenda kwao. Utaona kwamba kila mmoja alikuwa na macho makali, na kila mmoja alikuwa na bara lake ambalo hakuliona. Nasi hatukosi kuwa na letu.

Tumsikilize kwanza Ibn Battuta, maana aliona mengi. Alisafiri kutoka Aden kwa njia ya bahari, akafika Zeila, na baada ya siku kumi na tano nyingine akafika Mogadishu. Huko alikuta desturi iliyomshangaza. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikijia kwa mashua ndogo ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani yake akasema, "Huyu ni mgeni wangu." Tangu hapo mfanyabiashara yule hakulala ila katika nyumba ya kijana yule, na mwenyeji wake ndiye aliyemsimamia katika kuuza na kununua. Mtu aliyenunua kitu kwa mgeni bila mwenyeji kuwapo, biashara yake haikukubaliwa. Fikiri jinsi desturi hiyo ilivyokuwa na busara. Mgeni asiyejua bei wala lugha alipata mlinzi kabla hajakanyaga nchi kavu, na mwenyeji alipata faida yake kwa njia ya heshima.

Kijana mmoja alipomkabili Ibn Battuta, wenzake wa chomboni wakasema kwamba huyo si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni. Basi kijana akapaza sauti kuwaambia wenzake kwamba mtu huyo ni mgeni wa kadhi. Kadhi akaja pwani mwenyewe pamoja na wanafunzi wake, na mgeni hakupelekwa kupumzika mpaka alipokwisha onana na Sultani, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi ya mji kwa wenye elimu.

Kisha kikaja chakula. Wali ulipikwa kwa samli ukaletwa katika sinia kubwa ya mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilipikwa kwa maziwa. Palikuwa na maziwa ya mgando, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Ibn Battuta aliwaeleza wasomaji wake maembe ni kitu gani: tunda lenye kokwa, likiiva huwa tamu sana, na likiwa bichi huwa chungu kama ndimu, nao hulitia achari. Mtu wa Mombasa wa leo akisoma habari hiyo hahitaji kufafanuliwa; yamkini chupa ya achari ya embe iko mezani pake. Mgeni aliongeza neno moja la mzaha: kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula kadiri ya chakula cha kundi zima la watu wa kwao.

Kutoka hapo alikuja Mombasa, akalala usiku mmoja. Katika usiku mmoja huo aliona kwamba watu wa kisiwa walikula sana ndizi na samaki, kwamba walikuwa na miti ya ndimu na ya zambarau, na kwamba walikuwa wachaji Mungu. Aliona misikiti iliyojengwa kwa mbao, imejengwa vizuri sana. Mlangoni mwa kila msikiti palikuwa na kisima kifupi, na kata ya mti yenye mpini mwembamba wa kutekea maji. Watu walitembea bila viatu. Kwa hiyo kila mtu aliosha miguu yake, akaipangusa kwa mkeka mzito uliowekwa mlangoni, ndipo akaingia. Ni jambo dogo, lakini ni jambo dogo la namna hii ambalo wenyeji hawaliandiki hata siku moja, kwa sababu ni la kila siku. Leo tunajua namna babu zetu walivyoosha miguu karibu miaka 700 iliyopita, kwa kuwa mgeni aliliona kuwa geni. Hiyo ndiyo faida ya jicho la mgeni.

Hasara yake nayo iko hapo hapo. Aliandika mwenyewe kwamba watu wa kisiwa hawakulima nafaka, na kwamba nafaka yao ililetwa kutoka kwa Waswahili. Nafaka hiyo ilitoka wapi, ikiwa si bara? Alikula chakula cha bara akasema bara hakuna. Wahenga wetu wasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Laiti angalikaa hata siku ya tatu! Huenda wenyeji wangalimpa jembe, wakamvusha ng'ambo shambani, na kitabu chake kingalikuwa na sentensi moja ya kweli zaidi. Tena kumbuka kwamba habari zake ziliandikwa baada ya miaka mingi. Alizisimulia kwa kumbukumbu, mwandishi mwingine akaziandika, na kazi ilimalizika mwaka 1355. Kumbukumbu ya mtu ni kama chombo kilichovuja: hufika bandarini, lakini shehena haifiki yote.

Sasa tuvuke karne tano. Mwaka 1844 alifika Mombasa mmisionari Mjerumani, jina lake Johann Ludwig Krapf. Mwaka huo huo mkewe Rosine alikufa pamoja na mtoto wao mchanga, wakazikwa upande wa bara, mkabala wa kisiwa. Mwaka 1846 alijiunga naye mwenzake Johannes Rebmann, wakafanya makao Rabai. Mnamo Aprili, 1848, Rebmann alitoka Rabai kwenda Uchaga, akiongozwa na mtu mzoefu wa njia za misafara aitwaye Bwana Kheri. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu. Alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake kitu kile ni nini. Yule akajibu kwa neno moja: baridi.

Msomaji, tafakari neno hilo. Mtu wa pwani hakuwa na haja ya jina la theluji, kwa kuwa haianguki pwani. Lakini alijua tabia ya kitu kile, akakiita kwa tabia yake. Rebmann, mtu wa nchi ya theluji, akafahamu papo hapo. Elimu mbili zilikutana njiani: mmoja alikuwa na habari za mahali, mwingine alikuwa na jina la kitu. Kila mmoja peke yake alikuwa na nusu ya elimu; kwa pamoja walipata elimu nzima.

Habari hiyo ilipofika Ulaya, wako waliokataa kuisadiki. Katika London alikuwako mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyeandika sana juu ya Afrika pasipo kuikanyaga Afrika ya Mashariki. Alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kwa kuhukumu kwa joto la pwani peke yake, neno lake laweza kuonekana kuwa la akili. Lakini hewa hupoa kadiri mtu apandavyo, yapata nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu ya bahari. Baada ya miaka kumi na zaidi, mwaka 1862, Karl Klaus von der Decken aliupanda mlima sehemu, akashuhudia theluji ikianguka. Bwana wa kitini alishindwa na neno moja la kiongozi wa msafara. Aisifuye mvua imemnyea.

Mpaka hapa tumewatazama wageni. Sasa tuwatazame watu wa kwetu wakiwa ugenini. Nakuomba urudi nami Kisauni, karibu na njia ya kwenda mjini, mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya Frere Town, mji uliofanywa na misheni ya Kanisa la Uingereza mwaka 1875 uwe makao ya watu waliokombolewa katika utumwa. Miongoni mwa waliokaa huko walikuwamo wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Hao walikamatwa wakiwa watoto katika bara la Afrika, wakauzwa, wakatolewa katika majahazi na manowari za Kiingereza, kisha wakapelekwa Bara Hindi. Baadhi yao walisomeshwa Nasik, karibu na Bombay. Walijifunza Kiingereza, na kazi za mikono, na lugha za Kihindi, kisha wakarudishwa Afrika wakiwa watu wazima. Walipofika, wenyeji waliwaona kuwa wageni.

Nimekuambia kwamba insha hii ni ya safari na wenzi wa safari. Lazima basi tuseme wazi kwamba si kila safari huchaguliwa. Mtoto aliyefungwa kamba hakwenda kutazama ajabu za dunia. Hata hivyo aliona, akajifunza, na kwa wengine wa watoto hao mambo waliyojifunza katika msiba yakawa nguvu yao baadaye.

Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright, wa kabila la Wayao, mwanafunzi wa Nasik. Mwaka 1872 yeye na wenzake kadha walijiunga na msafara wa Daktari David Livingstone. Daktari alipokufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei, 1873, wenzi wake wa safari walifanya shauri. Wakubwa wao walikuwa Abdallah Susi na James Chuma. Waliuzika moyo wake chini ya mti, na Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, akasoma sala za maziko na kuchora maandishi katika gome la mti. Kisha waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mtumba wa nguo, wakaanza kuuchukua kwenda pwani. Karibu na Tabora walikutana na maofisa wa Kiingereza waliowashauri wauzike mwili papo hapo. Walikataa. Mwezi wa Februari, 1874, walifika Bagamoyo.

Wainwright alifuatana na jeneza mpaka Uingereza. Tarehe 18 Aprili, 1874, katika kanisa la Westminster Abbey, penye makaburi ya wafalme, alikuwa mmoja wa watu wanane walioshika kitambaa cha jeneza, na katika hao wanane yeye peke yake ndiye aliyekuwa Mwafrika. Susi na Chuma, walioongoza mwendo wote ule, hawakuwako. Hawakupelekwa kwa wakati. Walifika Uingereza maziko yamekwisha pita.

Wahenga wasema, "Mgeni kuku mweupe." Maana yake ni kwamba mgeni hawezi kujificha, kila jicho humwangukia. Ndivyo ilivyokuwa kwa watu hawa. Walikwenda kuona Uingereza, na Uingereza ikaja kuwaona wao. Lakini Susi na Chuma hawakuwa watu wa kutazamwa tu. Walikaa na Horace Waller, aliyekuwa akitayarisha shajara za mwisho za Livingstone zipigwe chapa. Marehemu alikuwa ameandika kwa haraka, na siku za mwisho hakuandika kabisa. Nani angeweza kueleza mto fulani ulivukwa wapi, au maneno gani yalisemwa usiku wa mwisho? Ni Susi na Chuma. Kitabu kilitoka mwishoni mwa mwaka huo, na sura zake za mwisho zimejengwa juu ya ushahidi wao. Wainwright naye alikuwa na shajara yake mwenyewe, ambayo imepigwa chapa, na sasa tunaweza kusikia sauti ya mmoja wa wachukuzi kwa maneno yake. Alikufa Urambo mwaka 1892. Mwenzake Matthew Wellington, aliyekuwamo pia katika msafara ule, aliishi sana Mombasa akafa mwaka 1935. Maana yake ni kwamba wako wazee wa Mombasa waliokufa karibuni tu ambao utotoni mwao wangaliweza kukutana naye njiani.

Safari ya tatu ninayotaka kukusimulia ni ya mfalme. Seyyid Barghash bin Said wa Unguja alitoka kwenda Ulaya mwaka 1875. Hakuwa mgeni wa ugeni. Ujana wake alihamishwa kwa nguvu akakaa Bombay tangu mwaka 1859 mpaka 1861, kwa kugombea kiti cha ufalme. Miaka miwili kabla ya safari ya Ulaya, tarehe 5 Juni, 1873, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, naye alitia sahihi chini ya tishio la manowari. Sasa alialikwa na wale wale waliomlazimisha. Alifuatana na watu wa baraza lake, na balozi John Kirk. Alipita Lisbon, mji mkuu wa Wareno, ambao babu zake wa Omani waliwatoa Mombasa mwaka 1698. Katika Uingereza alionana na Malkia Victoria, akatembezwa miji ya viwanda, Birmingham, Liverpool na Manchester; kisha akaenda Ufaransa.

Safari hiyo iliandikwa kitabu kwa Kiarabu na Zahir bin Said, mmoja wa watu wake, kikapigwa chapa mwaka 1878. Ni jambo la kuangaliwa hilo. Wazungu wengi walikuwa wamekwisha andika vitabu juu ya Unguja. Sasa mtu wa Unguja aliandika kitabu juu ya Wazungu. Jicho lilikuwa limegeuka.

Aliporudi, Seyyid Barghash hakuleta hadithi peke yake. Maji safi yaliletwa mjini kwa mabomba kutoka chemchemi za shamba, kiwanda cha kupiga chapa vitabu kikawekwa, na mwaka 1883 likasimama jumba la Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake iliporomoka mwezi wa Desemba, 2020. Mtu anaweza kuuliza kama mali hiyo yote ilitumika kwa haki, naye ataona kwamba mashamba ya karafuu ya siku hizo yalilimwa na watumwa. Huo ndio upande wa bara wa jumba lile. Anayelisifu jumba bila kuitaja mikono iliyolilipia, amefanya kama Ibn Battuta: amekula nafaka akasahau shamba.

Baada ya wafalme na wachukuzi, yupo mtumishi. Mwaka 1896 kijana wa asili ya Ngazija, Selim bin Abakari, alisafiri pamoja na bwana wake Mjerumani, Theodor Bumiller, kutoka Ujerumani kwenda Urusi na Siberia. Aliandika habari za safari yake kwa Kiswahili, nazo zilitiwa katika kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli, kilichotoka Göttingen mwaka 1901. Hivyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita palikuwa na maelezo ya Siberia kwa lugha ya Kiswahili, yaliyotungwa na mtu aliyeiona kwa macho yake. Wengi wetu tunajua kwamba Wazungu waliitembelea Afrika wakaandika. Ni wachache wanaojua kwamba Mswahili aliitembelea Siberia akaandika.

Nchi ya namna hiyo humfundisha msafiri jambo juu ya saa yake mwenyewe. Sisi huhesabu saa kwa jua: likichomoza tunaanza saa za mchana, likichwa tunaanza saa za usiku. Hesabu hiyo ni safi kabisa Mombasa, kwa sababu tuko karibu na ikweta, na mchana na usiku hulingana mwaka mzima. Lakini katika mji wa St Petersburg, katikati ya Juni, jua hukaa angani karibu saa 19, na usiku wenyewe hauwi giza kamili. Saa kumi na mbili ya jioni ya Mombasa haina mahali huko. Je, saa zetu ni makosa? La. Ni za kweli kwa mahali petu. Mtu asiyetoka kwao hudhani kwamba desturi yake ndiyo maumbile ya dunia. Akitoka ndipo hugundua kuwa ilishonwa kwa kipimo cha nchi yake, kama kanzu. Naye mgeni anayecheka saa zetu na kuziita za kinyume hajajua kwamba za kwake pia zilishonwa mahali fulani.

Hata maneno husafiri, nayo hupotea njia. Mahindi tumeyaita kwa jina la Hindi, na asili yake ni Amerika. Usione haya; dunia nzima imekosea namna hiyo. Bata mzinga naye ni ndege wa Amerika. Waingereza wakampa jina la Uturuki. Waturuki humwita hindi. Na Wafaransa nao walimpa jina la Uhindi. Kila taifa lilimtupia jirani ndege ambaye hakuwa wake. Nguo nyeupe ya pamba ambayo bibi zetu waliiita merikani, hiyo ilipewa jina la haki, maana ililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani. Meza na leso ni maneno ya Wareno. Gereza nalo ni neno lao, na kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Tazama jinsi neno lilivyobadilika safarini: nyumba ya kusali imekuwa nyumba ya kufungia watu. Yeyote atakaye kuifahamu historia ya pwani hawezi kulipita neno hilo bila kusimama.

Sasa tukusanye mizigo yetu. Mambo niliyokusimulia ni ya ajabu, na baadhi yake ni ya kuchekesha. Lakini ajabu kubwa kuliko zote ni hii, kwamba katika kila safari hizo msafiri mashuhuri alijua mambo kwa kinywa cha mwenzi asiyekuwa mashuhuri. Kijana mwenye sahani alimpokea Ibn Battuta, na jina lake halikuandikwa. Bwana Kheri alisema baridi, na vitabu vingi humtaja Rebmann peke yake. Chama cha Jiografia cha Kifalme cha London kilifanya nishani 60 za fedha kwa ajili ya wachukuzi wa Livingstone, lakini zilipofika pwani wengi wao walikuwa wamekwisha tawanyika, na hawakuzivaa. Historia nayo hulala usiku mmoja tu katika kisiwa, ikaandika kwamba hakina bara.

Wewe, msomaji, utasafiri. Labda utakwenda Kampala kwa masomo, au Muscat kwa kazi, au nchi za theluji usizozijua. Utakwenda na rafiki, na mtacheka pamoja kwa mambo mtakayoyaona, na hiyo ni haki ya ujana. Lakini kabla ya kucheka, uliza. Kabla ya kuandika kwamba watu fulani hawana kitu fulani, kaa mpaka siku ya tatu na ulipokee jembe. Ukiandika habari ya safari yako, andika jina la aliyekuonyesha njia, aliyekupikia, na aliyekufasiria maneno. Na utakapokuwa wewe ndiwe kuku mweupe, watu wakakukodolea macho, usikasirike upesi; wape jina lako na habari za kwenu, kama Selim alivyofanya, ili wasije wakaandika kwamba hukuwa na kwenu.

Kabla ya safari hiyo kubwa iko ndogo usiyohitaji nauli. Jioni ya leo, jua linapochwa na moshi wa jikoni unapopanda Mishomoroni, kaa na mzee wa nyumba au jirani. Mwulize wazee wake walitoka wapi, walivuka kwa chombo gani, pamoja na nani, na jambo gani liliwashangaza walipofika. Yamkini utasikia habari ya Rabai, au ya Lamu, au ya Malawi, au ya Hadhramaut, ambayo hakuna kitabu kilichoiandika. Iandike usiku ule ule, kabla chombo hakijavuja. Ibn Battuta alisema kwamba hatuna bara; nawe una kalamu, na u papo hapo barani.